Aliyezivua Pikipiki Sweta

Baada ya miaka ishirini na sita katika karakana yetu ya Barabara ya Kirinyaga, fundi mkuu Kitonga Ndeti anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2008.

Alikuja mwaka 1982 kuosha pikipiki za kupelekea vifurushi. Siku ya kwanza tu alikataa kumwagia maji baridi injini iliyotoka safarini. Akakalia ndoo akingoja ipoe, msimamizi akamwandikia onyo la uvivu. Onyo hilo bado limetundikwa juu ya kabati lake la spana.

Kila asubuhi alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaisugua kati ya vidole na kuinusa. Mgeni angedhani anapika. Alitufundisha kwamba oili hailainishi tu, pia hubeba joto kutoka ndani ya injini, na upepo ndio unaolipokea nje.

Julai 2004, injini tatu zilinoki, yaani zilikufa kwa joto, ndani ya wiki mbili kwenye njia ya Waithaka na Karen. Wakubwa wakaamua kuuza pikipiki zote na kuwaachisha kazi waendeshaji wote kumi na wawili. Kitonga akaomba siku moja. Kwenye pikipiki ya Wambua, mmoja wa waendeshaji, alikuta oili imetosha lakini inanuka kuungua. Akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama, akaanza kucheka. Kwenye gadi ya mbele, vile vyuma vya kukinga injini, palikuwa pamefungwa turubai jipya la kukinga miguu ya mwendeshaji na baridi, na upepo wa kupoza injini ulikuwa ukiishia hapo.

"Hii kitu inapumua na ngozi," aliwaambia waendeshaji. "Sasa mbona mmeivalisha sweta?"

Aliyakata maturubai yote kwa mkasi wa kushonea wa mkewe, Munyiva, ambaye hajamsamehe hadi leo. Injini zikatulia, na hakuna aliyepoteza kazi.

Wakubwa walitaka jina la aliyeyanunua. Kwenye ripoti, Kitonga aliandika neno moja: baridi. Leo nijitaje mwenyewe: ni mimi, Maureen wa stoo. Niliwahurumia waendeshaji, nusura huruma yangu iwanyang'anye unga. Alijua, akaninyamazia miaka minne, na kila Julai akanitania kwa kuniuliza kama nimevaa vizuri.

Asante, Mzee Kitonga. Tunakutakia afya na mapumziko marefu huko Kathiani. Zawadi yako nimeichagua mwenyewe. Ni sweta, na tafadhali uivae wewe.