Askari Walioitwa Kifuani Mwangu

Kamwene, wapendwa. Nimepewa dakika tano, na mzee wa kanisa ameshanikazia macho, maana ananijua. Nitajitahidi.

Ndugu zangu, mnaniona nilivyo, mwembamba hivi hivi tangu ujana. Kwa hiyo mtu akitaja lehemu, yale mafuta ya kwenye damu, mimi nilikuwa nawatazama wanene wetu kwa huruma. Kupima sijawahi. Na sisi wa matarumbeta mnajua desturi yetu: tukimaliza kupuliza harusini tunawekewa sahani yetu ya nguruwe, na mpuliza besi anapewa yenye mafuta zaidi, eti pumzi iwe nzito. Mpuliza besi ndiye mimi. Miaka yote hiyo sijarudisha sahani ikiwa na kitu.

Basi mwaka juzi kifua kikaanza kubana kila nikipanda kilima cha kuja hapa kanisani. Nikisimama, kinaachia. Nikajiambia ni vidonda vya tumbo, na nyumbani nikasema hivyo hivyo. Nani hapa Kilolo hana vidonda vya tumbo? Mke wangu, kwa upendo, akawa ananichemshia maziwa kila asubuhi na kuniwekea utando wote wa juu, eti ulipake tumbo. Nikaunywa. Wenzangu nikawadanganya kwamba nasimama njiani kufunga kamba za viatu. Niliogopa nikisema ukweli, besi atapewa mwingine. Nawaambia, niliogopa hilo kuliko kufa.

Siku tunamzika jirani yetu, tukapanda makaburini tukipuliza. Katikati ya wimbo mkono wa kushoto ukafa ganzi, jasho likanitoka. Nikaendelea kupuliza. Nimesimuliwa kwamba besi lilitangulia kuanguka, nami nikafuata.

Hospitalini Iringa daktari, binti mdogo tu, akanichorea mshipa wa moyo kwenye karatasi. Akasema lehemu ikizidi kwenye damu hujipenyeza ndani ya ukuta wa mshipa. Ukuta unaumia, unatoa ishara, na chembe nyeupe, wale askari wa mwili, wanakuja kusaidia. Wanameza mafuta mpaka wanavimba, wanashindwa kutoka, wanafia humo humo, na kufa kwao kunaita wengine. Uvimbe unakua. Siku moja unapasuka, damu inaganda juu yake, njia inaziba. Ndicho kilichonipata.

Mimi na ubishi wangu nikamwambia, "Basi mwanangu, nipe dawa ya kuwafukuza hao askari."

Akatabasamu. "Mzee, hao ndio wanaokulinda na magonjwa mengine. Wamekuja kwa sababu wanaitwa. Wewe acha kuwaita."

Wapendwa, nililia. Mwili wangu ulikuwa unahangaika kwa ajili yangu muda wote huo, na mimi niko njiani najifanya nafunga viatu. Mke wangu alipokuja kunitazama nikamwambia kila kitu, tangu siku ya kwanza kifua kubana. Akasema, "Na mimi nikawa nakunywesha utando." Hilo liliniuma kuliko kifua.

Dawa ya kushusha lehemu nameza kila siku, hata nikijisikia mzima. Kilima napanda polepole. Maziwa yanaenguliwa.

Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu na yule binti daktari. Na ninyi wa matarumbeta, nilidhani nitakuta besi lina mwenyewe. Kumbe mlilifunga kwenye mfuko wake, mkawa mnalifuta vumbi kila Jumamosi. Hata sahani yetu siku hizi ina maharage, ingawa mmoja wenu kanuna mpaka leo.

Wewe mwembamba mwenzangu unayesimama kilimani, nenda kapime, na useme nyumbani kwako.

Leo nimeruhusiwa kupuliza ubeti mmoja. Mkiniona nimekaa chini kabla haujaisha, endeleeni kuimba. Nikiwahitaji, safari hii nitawaita mwenyewe.