Mzee Bedan Njau na Bundi wa Ghala

Marehemu baba yetu alizaliwa Mang'u mwaka wa 1938, mtoto wa tatu katika boma la Mzee Karanja. Alisoma hadi darasa la nne. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952 shule ilifungwa, na masomo yake yakaishia hapo.

Mwaka wa 1959 aliajiriwa katika shamba moja la kahawa nje ya Ruiru, akatunza ghala la mahindi ya wafanyakazi kwa miaka thelathini na minne. Bundi wawili waliishi humo darini. Watu walitaka kuwaua, kwa kuwa kwetu bundi akilia juu ya nyumba, anaita kifo. Baba aliokota donge walilotapika bundi hao, akalipasua kwa kijiti mbele ya watu, akatoa mafuvu manne ya panya. Aliwaambia, "Hawa wawili ndio wameshika shamba lote. Mkiwatoa, panya watajaa, nyoka watafuata panya, halafu mtakuja kunililia mimi."

Alimwoa mama yetu, Wangeci, mwaka wa 1962. Mama husema kwamba hata siku ya posa baba alizungumza habari za bundi mpaka wazee wakatazamana.

Alipostaafu mwaka wa 1993 walihamia kijiji cha Landless. Alijenga ghala dogo la mabati, akaacha tobo chini ya paa, na kweli bundi wakaja. Majirani walinung'unika, lakini hakuna panya aliyegusa mahindi yetu.

Machi mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba. Daktari alisema ni moyo. Julai bundi walilia juu ya nyumba siku tatu mfululizo. Mimi, Waruguru, kifungua mimba wake, niliingiwa na hofu. Nilitaka baba apone, basi. Nilimwita ndugu yangu Githinji, tukawaua bundi wote wawili pamoja na vifaranga, tukawafukia nyuma ya choo.

Kufikia Septemba panya walikuwa wamemaliza mahindi yetu na kuingia kwa majirani. Watu waliweka sumu. Paka wakafa, panya wakazidi. Baba aliwasikia darini akiwa kitandani, akaniuliza, "Bundi wamehama?"

Nilimwambia ndiyo, wamehama.

"Basi usizibe tobo. Watarudi."

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 1997, saa nne asubuhi. Wiki hiyo hakuna bundi aliyelia.

Ameacha mjane, Wangeci. Watoto, Waruguru, Githinji na Waceke. Na wajukuu watano.

Baba, hawakuhama. Niliwaua ili ubaki nasi, na bado umeenda. Nilikudanganya ukiwa mgonjwa. Nisamehe, upumzike kwa amani.