Kilio ya Kazi Yenye Haikukufa

Bamama, batata, mukae muzuri. Bale beko nyuma basongee, ju mi sina sauti ya kanisa, na hapa mbele meno haiko, upepo inapita tu. Mucheke, hakuna mambo, mi mwenyewe nachekaka. Meno yangu ilibaki ku mulango ya kazi, na leo njo nitawaambia namna ilibaki kule. Mama mukubwa wa likelemba yetu, hii kikundi ya kuchangiana feza, ameniomba niseme, ju kati yetu hapa kuko benye bamepewa karatasi ku kazi na habalale muzuri.

Mi nilikuwa nafulaka masalopeti, nguo ya kazi ya batu ba mine, benye banachimba. Inatoka mu shimo na vumbi ya mukuba, ukitia mu beseni, maji inakuwa rangi ya sombe, majani ya muhogo. Nilianza ile kazi na mutoto wangu wa mwisho ku mugongo. Leo ule mutoto iko na batoto bake. Mushahara haikuwa mingi, lakini lopitale ya bure ilikuwa. Bwana yangu iko na sukari mu damu, kila asubui sindano. Ile sindano ilikuwa inatoka ku lopitale ya kazi, ju ya jina yangu. Ndugu zangu, nawaambia, mushike hii ya sindano, ju maisha ya Muzee wangu ilikuwa mule.

Sasa asubui moja tunafika ku mulango, tunakuta basentineli bapya, balinzi ba mulango, na kijana wa kravati ku shingo amekaa ku meza. Anasema sosiete, kampuni ya kufula, imeuzishwa ku ingine, kila mutu atie kidole ku karatasi, kisha kesho aanze na shefu mupya. Bamama bakapanga mustari. Sie tunapendaka mustari, hata kama hatujue iko ya nini.

Nikafika mbele, nikamuomba anisomee, ju masomo mi niliachia mwaka ya pili. Akasema hakuna saa. Nikamuomba anielezee tu mu Swahili. Akasema mama tia kidole, nyuma yako kuko batu. Basi leki yangu moja, mudogo mwenye ananiitaka yaya, mukubwa wake, mama mwenye tulikuwa tunafulaka naye ku beseni moja, ye anajua kusoma kidogo. Akachungulia juu ya bega yangu, akaniambia pole-pole:

"Yaya, hii inasema weye mwenyewe umeacha kazi."

Nimeacha wapi? Niko na sabuni mu mukono. Lakini nikaelewa. Kama nimeacha, kesho niko mutu mupya, myaka yangu yote ya mbele imetupwa. Na mutu mupya bakuwekaka miezi ya kujaribu, na mu ile miezi bwana yako hana lopitale. Muzee bila sindano, anafika wapi?

Nikamuambia, "Mwanangu, mi sikuacha kazi. Si unaniona niko hapa."

Akaita shefu ya basentineli. Mutu mukubwa, shingo sawa ya ngombe. Akakamata mukono yangu, anaikokota ku wino kwa nguvu. Pale, ndugu zangu, nikafanya mambo ya mutoto: nikamuuma kidole. Nilimuuma muzuri. Akalia sawa mbuzi. Akanipiga na fimbo ku mukono, nikasikia mufupa inasema ka, sikuachilia. Akanipiga mu kinywa, njo nikaachilia, na meno ikabaki pale chini. Leki yangu akakuya kuniokoa, basentineli bakamuangusha, bakamukanyaga ku tumbo na bilatu bya mabotini. Bamama bengine balikokotwa na nywele mpaka ku ile meza, moja-moja. Bakatia kidole. Mi siwaseme mubaya. Ukiona damu ya mwenzako ku karatasi, kidole inaenda yenyewe.

Mi na leki bakatutupa mu kasho, nyumba ya kufungia batu, na mufupa yangu inatokea hapa sawa kijiti. Batu ba kanisa njo bakakuya kututosha inje. Nafika ku lopitale, bananiambia jina yangu hakuna tena. Mukono ilifungwa na tata moja wa mu kartiye, mutaa yetu, mwenye anaungaka mifupa. Na Muzee, sindano ikaisha. Kakidonda ka ku muguu kakakuwa kidonda kubwa, kikanuka, kikakuwa nyeusi. Mi nikalala, nikaangalia ukuta. Sikupika, sikuoga, sikuomba Mungu. Muzee mwenyewe, na ule muguu yake, akaniambia, "Ni mukono njo ilivunjika. Mudomo unanyamazia nini?"

Kisha leki yangu akakuya, anatembea ameinama ju ya ile tumbo. Akakaa ku kitanda.

"Yaya, kazi yetu si imekufa?"

"Imekufa."

"Mutu akikufa tunafanyaka nini?"

"Tunalia."

"Basi amuka twende tulie."

Mi nikacheka, na kucheka ile iliniumiza kinywa yote.

Munajua huku kwetu kilio ni kilio. Pikipiki inapunguza mwendo, kamyo ya mizigo inazima muziki, hata mulevi anatosha kofia. Batu ba kilio habapigwe. Tukaenda ku mulango ya kazi na mikeka, na mbabula ya makala, na sufuria kubwa ya kupikia bukari, ugali yetu. Tukaweka matawi mu barabara, alama ya kilio, tukakaa chini bila bilatu, kichwa wazi. Tukalia kazi yetu na majina yake yote: mama mwenye alitulisha, uliondoka bila kutuaga. Bakamyo bakasimama. Bijana ba kuchimba, benye balitoka mu mashimo ya kartiye ya Kasulo, bakakaa na sie, hata habakuuliza nani amekufa. Balikuwa banaangalia sufuria.

Shefu ya basentineli akatoka, kidole yake imefungwa kitambaa. Akapiga ile sufuria teke. Maji ya moto ikamuangukia mama moja ku mapaja, ngozi ikatoka pamoja na kikwembe yake ya kiuno.

Kisha bijana bakasimama. Mawe, bichuma bya kuchimbia, yote. Basentineli bengine bakakimbia, bakafunga mulango, bakamuacha shefu yabo inje. Bijana bakamupiga mpaka sura ikapotea. Moja akaleta mupira ya gari, mwengine anatosha esanse, mafuta, mu pikipiki. Na mi, mbele ya Mungu, nilikuwa nafurahi. Kisha nikaona: akiungua hapa, hakuna mutu atasema tena kazi yetu. Batasema bamama benye balichoma mutu. Na sindano ya Muzee inaungua naye.

Nikaingia mule kati, nikamukalia. Ndiyo, na hizi kilo zangu zote. Jiwe ikanipata ku mugongo. Nikabaambia, "Mukimuchoma, munichome na mi." Leki akakuya akakaa. Bamama bengine bakakaa. Na ule mubaba, chini yetu, mu damu yake, anasema tu: "Mama, usiondoke."

Inspekteri ya kazi, mutu wa serikali mwenye anaangaliaka haki ya bafanyakazi, alifika na bapolisi, akatukuta tungali juu. Akauliza maiti iko wapi. Leki akamuonyesha ile karatasi, yenye bamama balipewa kubeba. Inspekteri akaisoma mu Swahili, kwa sauti, barabara yote inasikia. Akasema, "Kazi haikukufa, imebadirisha shefu tu. Sosiete ikipita ku mwengine, kontra, mukataba ya batu, inapita nayo, na myaka yabo. Hakuna mutu anaacha kazi ju ya kuendelea kazi." Shefu mupya akabisha, tukaenda ku biro ya inspekteri, tukarudia, tukarudia tena. Mwisho bakatuandikia ingine, yenye inasema myaka yetu inaendelea. Balitusomea mustari kwa mustari, njo tukatia kidole.

Muguu ya Muzee haikungoja inspekteri, ilishaoza. Balikata. Lakini balikata ku lopitale, ju jina yangu ilikuwa imerudi, na sindano nayo ikarudi. Mutu alibaki.

Aksanti leki yangu. Aksanti mama wa mapaja, mwenye makovu yake inamuumiza mpaka leo. Aksanti tata wa mifupa, na kanisa, na inspekteri mwenye alisoma kwa sauti. Na bijana ba kuchimba pia, hata na ile mupira yabo.

Mi naomba moja tu. Usitie kidole ku kitu hakuna mutu amekusomea mu luga yako. Na usiende peke yako. Sasa benye beko na karatasi mu nyumba, muinue mukono tuwaone. Weye. Na weye, mama wa kitambaa ya bulu. Usiogope, inua muzuri. Kesho asubui tunapitia kwako kwanza, tuisome pamoja.