Laini Moja, Waombaji Watatu

Mtandao wa mtaa ule una tabia zake. Katikati ya benchi la kijiwe haushiki, ukisimama mlangoni kwa Fundi, mshona nguo, unakuja na kutoka, lakini ncha ya benchi, ile ya upande wa nguzo, unashika kama kupe. Ncha hiyo ina mwenyewe. Ni Meneja, kijana anayefanyia kazi kampuni ambayo hajawahi kukanyaga mlango wake. Kila asubuhi anakuja na kompyuta ya mapajani, juu shati jeupe na tai, chini kaptura na ndala, maana bosi anamwona kifua kwenda juu. Kikao chake kikianza, kijiwe kizima kinanyamaza, na Bi Birika, muuza kahawa, anamimina polepole ili vikombe visigongane. Basi kwa kuwa simu ya Meneja haikosi chaji wala mtandao, wanakijiwe wakafanya jambo waliloliona la akili sana. Serikali ilipozikusanya huduma zake zote kwenye dirisha moja la mtandaoni, kila aliyeomba chochote alijaza namba ya Meneja. Hakuna aliyejiuliza itakuwaje siku dirisha litakapoita.

Siku hiyo likaita. Meneja akasoma kwa sauti:

— "Ndugu mwombaji, zamu yako imefika. Jibu kwa namba ya kitambulisho chako kabla ya saa sita mchana. Ukikosea namba, ombi litafutwa."

— Mwombaji yupi? akauliza Asilimia, dalali wa nyumba na viwanja, ambaye hata salamu anaijibu kama anayetaka chake ndani yake.

— Hawakuandika.

— Ofisi gani?

— Hawakuandika. Dirisha ni moja, ndivyo walivyotangaza.

— Sasa dirisha gani hilo, mtu anaita halafu anajificha nyuma ya pazia? akasema Bi Birika. Wapigie.

— Nimepiga. Kuna dada anasema nibonyeze moja. Nikibonyeza, ananishukuru kwa kubonyeza moja, ananiwekea muziki.

— Basi ingia humo ndani uangalie ombi la nani.

— Nywila zenu mnazikumbuka?

Kijiwe kikatazama chini, kila mtu akachunguza vidole vya miguu yake.

Fundi alikuwa nyuma ya cherehani yake, hatua mbili kutoka kwenye benchi, na mguu wake ulikuwa umesimama juu ya pedali tangu aliposikia neno zamu. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho, na ombi lake la upasuaji lilikuwa huko dirishani tangu mvua za mwaka uliopita. Kijiweni hakumwambia mtu. Fundi nguo asiyeona ni nani atampa kitambaa chake? Kwa hiyo alijifunza ujanja. Asubuhi mke wake anamtungia uzi kwenye sindano za mkono na kuzichomeka kwenye kipande cha godoro. Akitaka kubadili uzi wa cherehani, anafunga mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, anauvuta taratibu mpaka fundo lipite kwenye tundu. Vipimo anavisoma kwa kucha. Lakini siku hizi hata ujanja ulikuwa unamchoka.

— Haya, tuhesabiane, akasema Meneja. Nani aliomba nini?

— Mimi leseni ya udalali, akasema Asilimia. Na ujumbe huu ni wangu. Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mimi sijachelewa, kwa hiyo mwana ni wangu.

— Mimi maji ya bomba, akasema Bi Birika. Na wahenga haohao walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mabomba nimeshanunua, yamelala uvunguni. Nimeshavua, ndugu zangu, niacheni nioge.

— Na wewe Fundi? Si uliomba kitu wewe?

— Mimi ni jambo dogo tu la hospitali. Presha.

Presha yake haikuwa na neno mpaka asubuhi hiyo.

— Presha haina haraka, akaamua Asilimia. Tena siku hizi hospitali yenyewe ya nini? Unaweka simu kifuani, inasikiliza mapigo, daktari aliye ng'ambo anatikisa kichwa, dawa inakuja na pikipiki. Umepona hujavaa hata viatu.

— Na sindano je?

— Inapita humohumo hewani.

— Ichome hewani tuone! Bi Birika akacheka. Mimi mwanangu alijifungua majuzi, mkunga alikuwepo kwa mikono yake miwili. Mtandao ulisaidia kuita gari tu. Nikaushukuru kwa gari, basi.

— Hamjanielewa. Mtandao una macho. Unajua nani kaomba kwa dhati na nani kajaribu bahati. Hata hapa unatusikiliza. Ukisikia unyonge kwenye sauti yako, unakuruka.

Bi Birika akakohoa, akainua sauti kuelekea kwenye simu:

— MIMI NI MAJI!

— Dada, huna haja ya kupiga kelele, akasema Meneja.

— Sasa niwaambie siri, Asilimia akaendelea, na akishafika kwenye siri ujue breki zimekatika. Kuna mtambo mkubwa mahali, nyumba nzima, unachemka usiku na mchana kwa kubeba maombi ya watu. Unapozwa kwa maji. Maji yepi? Ya Bi Birika! Kwa hiyo mama huyu anaomba maji kwa yule anayeyanywa. Hapewi mpaka kiama. Ondoa maji. Presha tumeshaondoa. Imebaki leseni.

— Lo! Umejipimia mwenyewe na mizani umeshika mwenyewe.

— Na hata huyu bosi wa Meneja, nani amewahi kumwona akisimama? Kifua na kichwa, basi. Mimi nasema hana miguu. Wamemtengeneza nusu kupunguza gharama.

Meneja akatafakari kidogo, maana jambo lenyewe hakuwahi kulifikiria.

— Kweli sijawahi kumwona akiinuka, akakiri.

— Umeona! Na sasa mtambo umetupa swali moja watu watatu makusudi, ili tubishane mpaka saa sita ipite, nafasi iende kwa kijiwe cha mtaa wa pili. Wale wana mkono wao humo ndani. Wanakunywa chai, hujajiuliza kwa nini?

— Saa tano imeshapita, akasema Meneja. Kama ni leseni, nipe namba nijibu.

Asilimia akatoa kitambulisho. Bi Birika akamkamata mkono. Hapo Fundi alitaka kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini akilini aliona wateja wake wakiondoka na vitambaa kwapani, mmoja mmoja, akalimeza.

— Jibuni ya Bi Birika, akasema. Maji ni ya nyumba nzima. Presha itangoja.

Alisema hivyo na roho ikamuuma kama aliyetoa kitu kisicho chake, kwa sababu macho yale mke wake alikuwa anayategemea pia.

Wakati huohuo akatokea mama mmoja na mkoba begani, mgeni pale mtaani, aliyeleta kitambaa wiki iliyopita. Akasalimia benchi, wakamwitikia wote kwa pamoja. Akamnyooshea Fundi mkono. Fundi akatabasamu kuelekea kwenye sauti, mikono yake miwili ikiwa juu ya cherehani, na mkono wa mama ukabaki hewani mpaka akaurudisha mwenyewe.

— Nguo yangu iko tayari, Fundi?

— Tayari, mama. Nimekushonea kwa roho safi.

Akaipapasa kwenye rundo, akampa. Mama akaikunjua. Mshono ulikuwa umenyooka kama reli, pindo halina kasoro. Ila mkono wa kulia maua yalikuwa nje, na wa kushoto maua yalikuwa ndani, kitambaa kimegeuzwa.

Hakugomba. Aliitazama ile nguo, akamtazama Fundi, kisha akaligeukia benchi.

— Samahani ndugu zangu. Nyinyi si ndio mnaokaa naye hapa kila siku? Fundi ameanza lini kutoona?

Asilimia akafungua kinywa. Mtu huyu ana jibu la mtambo, la sindano na la miguu ya bosi asiyemjua. Akakifunga. Meneja akaitazama simu kana kwamba jibu litaingia humo. Bi Birika akaweka birika chini. Fundi alisikia kimya kile, na kwa mara ya kwanza tangu macho yaanze kumponyoka, aliona haya na nafuu vikimjia pamoja.

— Si presha, akasema. Ni macho. Nilikuwa nawaogopa wateja.

— Na sisi je? Sisi ni wateja? Bi Birika akamkaripia. Nakupa kikombe kila siku, unakishika kwa mikono miwili, mimi nasema Fundi ana adabu!

— Taja namba yako, akasema Asilimia.

— Na kama ni leseni yako? akauliza Fundi.

— Ifutwe. Nimefanya udalali bila leseni tangu niote ndevu, na nyumba hazijaacha kupata wapangaji.

— Na kama ni maji, akaongeza Bi Birika, shingo yangu inabeba ndoo bado. Taja, baba, muda unakwenda.

Fundi akaitaja kwa kichwa. Meneja akaandika, akamsomea, akamsomea tena.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, akasema Asilimia kwa wasiwasi. Bonyeza na vyote.

— Nyamaza, nitakosea!

Akatuma. Kijiwe kizima kikahamia kwenye ncha ile ya benchi, wakabanana, Fundi akavutwa mkono akawekwa katikati. Simu ikalia.

— "Asante," Meneja akasoma. "Kliniki ya macho. Kesho asubuhi. Njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwa kuwa jicho litafungwa."

Bi Birika akapiga kigelegele mpaka mlango wa jirani ukafunguliwa. Fundi akajifunika uso kwa kipande cha kitambaa kilichokuwa mapajani, akalia bila kujificha. Na kijiwe, kwa sababu ni kijiwe, kikaanza ubishi mpya papo hapo.

— Nampeleka mimi, akasema Asilimia. Pale hospitali najuana na watu.

— Wewe hufiki hata jichoni, akadakia Bi Birika. Utaanza kupangisha vitanda.

— Bora mimi, akasema Meneja. Kazi yangu inafanyika popote.

— Utamwambia anyamaze, uko kikaoni! Atapasuliwa kimyakimya!

— Wewe nawe na birika lako wodini...

— Nitampeleka mimi, akasema yule mama, huku akiikunja nguo yake na kuitia mkobani. Nyinyi mtamsahau mapokezini mkibishana.

Fundi akanyoosha mkono kuelekea ilikokuwa sauti ya yule mama, naye akaupokea.