Kinywa cha Spika

Karibu na soko la mbuzi la Ishiara kuna benchi ya mbao iliyoegemea kibanda cha Igoki, mama anayeuza kahawa ya tangawizi na mandazi. Wanaoikalia ni walewale siku zote. Kuna Mbaka, anayeitwa Chairman kwa sababu hakuna kamati iliyowahi kuundwa hapo bila yeye kuwa mwenyekiti. Kuna Kaberia, fundi wa pampu za maji, mtu wa Maua aliyeacha miraa ya kwao akahamia muguka wa Mbeere. Huyo ni Injinia, na shavu lake moja huwa limejaa majani, huku peremende zikigongana mfukoni. Kuna Gachoki, muuza mitumba, anayeitwa Redio. Wa nne ni Ndambiri, dalali wa mbuzi. Huyu ndiye Spika, kwa sababu ya sauti yake na kwa sababu familia zote za pale zilikuwa zikimwomba awe msemaji wao siku ya ruracio, yale mazungumzo ya mahari. Jumatatu hiyo Ndambiri hakuwepo. Jumamosi Mbaka alikuwa amepokea wakwe kwa ajili ya binti yake Ciku, na msemaji akawa mtu aliyeletwa kutoka Gachoka. Ndambiri aliketishwa nyuma, karibu na wapishi, naye akaondoka kabla ya chakula.

— Mimi nawaambia Spika ameokoka, Gachoki alianza. Ameingia hizi kanisa mpya. Huko hawakubali mambo ya mahari wala sherehe.

— Kuokoka gani, Kaberia akasema. Aliyeokoka huimba. Huyu ameacha hata kuongea. Si mmeona vile anafunika mdomo na mkono akiongea? Tangu mvua ile ya mwaka jana.

— Anaficha kitu.

— Ndiyo maana nasema ameuza sauti yake.

— Sauti inauzwa wapi, Injinia?

— Sikiza. Nikifanya kazi kule Kiambere kwa bwawa, kulikuwa na dalali wa mbuzi kutoka ng'ambo ya Tana, upande wa Kitui. Alikuwa na kigugumizi, hawezi kumaliza bei. Siku hizi huyo mtu akiita wanunuzi unasikia kutoka mlimani. Na Spika wetu amenyamaza. Wewe hesabu mwenyewe.

Gachoki alifikiri kidogo.

— Inaweza kuwa, alisema. Na wanunuzi wake wamemhama kweli. Juzi nimeona mtu ameacha mbuzi mzuri wa Spika akaenda kununua mwingine amekonda. Hiyo si kawaida. Hiyo ni dawa ya mtu.

— Amefungwa ulimi.

— Na aliyemfunga lazima alikuwa pale Jumamosi, ndiyo maana akatoroka chakula. Chairman, wewe ulialika nani kutoka Kitui?

Mbaka alikuwa akizungusha kikombe chake mkononi.

— Chairman?

— Wacheni hiyo maneno, Mbaka alisema. Mtu anaweza kuondoka tu. Labda alikuwa na kazi.

— Kazi gani siku ya ruracio ya Ciku? Si yeye ndiye alikusemea ukienda kuoa mama yake?

Mbaka alitazama upande wa soko kama mtu aliyeitwa. Igoki akashika birika kumwongezea kahawa, na kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.

Wakati huo alifika mwanamke mgeni, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Meru mjini, ametanda mtandio wa kahawia uliojaa vumbi. Aliwasalimu, akasema jina lake ni Halimo, na kwamba anangoja mbuzi wake wapakiwe kwenye lori. Aliomba kahawa. Wakampisha nafasi, akaketi mwisho wa benchi, wao wakaendelea na Kitui yao. Kaberia alikuwa amefika kwenye jini la bwawani linalokula sauti za watu wenye deni nalo, pikipiki iliposimama mbele yao na Ndambiri akashuka.

Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba. Alimshukuru mwenye pikipiki kwa kuinua mkono, kisha akasimama mbele ya benchi bila kuketi.

— Mumeamkaje, alisema polepole, mdomo ukiwa mzito upande mmoja.

— Spika, Gachoki alisema. Umepigwa?

— Nimetoka Embu kwa daktari wa meno. Nimeng'olewa mawili.

Kaberia alicheka kidogo kwa kupumua.

— Meno tu? Na sisi hapa tulikuwa tumeshakufungisha ulimi.

Ndambiri hakucheka. Igoki alishachukua kikombe, kile chenye ua jekundu, akaanza kumimina.

— Usinipe, Igoki. Leo nimekatazwa kitu moto. Alikitazama kile kikombe. Hicho ni changu peke yangu, si ndiyo?

Igoki alishusha birika.

— Nilidhani ni heshima, Ndambiri alisema. Nilimwambia hata mke wangu, Igoki amenitengea kikombe kizuri.

Igoki alikirudisha kikombe chini ya meza, akabaki ameinama pale akipanga vitu vilivyokuwa vimekwisha kupangwa.

Halimo alisogea, na Ndambiri akaketi. Hakufunika mdomo. Alizungumza akiwa anaitazama ardhi.

— Jumamosi nilifika nyumbani nikamuuliza mke wangu Wanjugu, kwa nini Mbaka amenikalisha kwa wapishi? Nimemkosea nini? Alilia kwanza. Halafu akasema, baba Kithaka, kinywa chako kinanuka. Kinanuka tangu mwaka jana. Watu hawawezi kukaa karibu na wewe. Nikamuuliza, na wewe je? Akasema yeye hulala akiwa amegeukia ukuta.

Barabarani mtu alikuwa akimswaga mbuzi mkaidi, na kwato zake zikasikika mpaka zilipopotea.

— Jana sikuenda kanisani. Leo asubuhi nikaenda Embu. Daktari ni msichana tu, anaitwa Gladys, umri wa Ciku hivi. Nilipofungua mdomo nilifumba macho ili nisimwone akikunja uso. Hakukunja. Aliniambia, mzee, fizi zako zinaumwa. Akaniuliza kama hutoka damu nikipiga mswaki. Nikamwambia hutoka, ndiyo maana niliacha mswaki. Nilifikiri najiumiza.

— Hata mimi hufanya hivyo, Gachoki alisema kwa sauti ya chini. Ikitoka damu napumzisha.

— Ndivyo wengi hufanya, alinieleza. Na ndivyo wanavyoharibu. Fizi ikitoka damu ni mgonjwa, na mgonjwa hafai kuachwa mchafu. Unapiga mswaki laini, polepole, asubuhi na usiku. Ule wa usiku ndio mkubwa kabisa, kwa sababu ukilala mate hupungua na vijidudu hubaki na chakula peke yao. Na ulimi pia husuguliwa, mpaka nyuma. Mimi kwa maisha yangu yote sijawahi kusugua ulimi.

Aligusa shavu lake.

— Akanionyesha kwa kioo kidogo. Kulikuwa na kitu cha njano kimeshika meno huku chini kama saruji. Wanaita ugaga. Akasema hicho hakitoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Nilikuwa nimejaribu mkaa. Nilijaribu hata kukwangua na kisu kidogo. Yeye alikwangua kwa mashine, maji na damu vinatoka, na mimi nimeshika kiti. Mawili yalikuwa yameoza mpaka mzizi, akayang'oa.

— Lile ulikuwa unawekea karafuu? Kaberia aliuliza.

— Hilo. Karafuu, halafu tumbaku, halafu nikaponda dawa ya maumivu nikabandika kwa fizi. Fizi ikaungua. Akaniambia dawa hiyo ni ya kumeza, na jino lililotoboka haliponi kwa kunyamaza. Likiacha kuuma mara nyingine ni kwa sababu limekufa, na uchafu unaendelea ndani. Na nikamwambia, daktari, mimi nilikuwa natafuna chingamu na kunyonya peremende ili kinywa kinukie vizuri. Akasema nilikuwa nawalisha wale wadudu sukari mchana kutwa.

Kaberia alitoa mkono mfukoni.

— Akanituma pia nipimwe sukari ya damu. Ati ugonjwa wa fizi na ule wa sukari hutembea pamoja. Majibu ni kesho kutwa.

— Pole, Spika, Gachoki alisema.

— Sijamaliza. Nilimuuliza kitu kimoja. Nikamwambia, daktari, hii harufu mimi mbona sikuisikia? Mimi si mtu mchafu. Naoga, nafua. Nilikuwa naona tu watu wakirudi nyuma. Mnunuzi anakuja, naanza kumweleza mbuzi, anageuza uso na kuondoka. Nikafikiri wananidharau kwa sababu nimezeeka. Ndiyo nikaanza kuongea kidogo kidogo, na mkono hapa, maana niliona meno ndiyo mabaya, sikujua ni harufu. Akaniambia mwenyewe huwa haisikii, pua yake imeshaizoea. Akasema ni lazima mtu mwingine amwambie. Halafu akaniuliza, mzee, kwani unaishi peke yako?

Alipangusa mdomo kwa leso.

— Nikamwambia hapana, nina watu wengi.

Gachoki aliinamisha kichwa. Mbaka alikuwa ameweka viwiko juu ya magoti, uso wake hauonekani. Halimo alikuwa amesikiliza yote, na kahawa yake ilikuwa imepoa.

— Samahani wazee, alisema. Mimi ni mgeni. Nyinyi ndio mnakaa na yeye hapa?

— Ndiyo, Gachoki alijibu.

— Kila siku?

— Kila siku, mama.

— Na mlikuwa mnasikia hiyo harufu?

Gachoki alitazama wenzake. Kaberia alikuwa akitazama viatu vyake.

— Tulikuwa tunasikia.

— Sasa kwa nini hamkumwambia?

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Ndambiri mwenyewe aliinua uso, akawatazama mmoja mmoja, akingoja. Ilionekana wazi kwamba alitaka sana kujua. Igoki alisimama nyuma ya meza yake na kitambaa mkononi. Injinia, aliyekuwa na jibu la kila kitu mpaka la jini la bwawani, alisukuma majani ya muguka kwa ulimi hadi shavu la pili.

Mwishowe Mbaka ndiye aliyesema.

— Tuliogopa kukuaibisha.

— Na Jumamosi? Ndambiri aliuliza.

Mbaka alipangusa uso kwa kiganja.

— Wakwe walikuwa wageni, alisema. Mama Ciku akaniambia, huyu akikaa mbele na wazee wao, watatuonaje. Mimi nikakubali. Nikampigia yule wa Gachoka simu. Nilikusudia kukwambia Ijumaa, nikafika mpaka kwa lango lako.

— Mbwa wangu alibweka Ijumaa, Ndambiri alisema. Nikatoka nje, sikuona mtu.

— Nilikuwa nimesharudi.

Ndambiri alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa bei na hataki kubishana. Kutoka sokoni dereva wa lori alipiga honi. Halimo alimlipa Igoki, akamwambia Ndambiri pole, apone haraka, na kwamba mwezi huu atarudi kutafuta mbuzi kwake. Akaenda. Wale waliobaki walionekana kama watu waliotamani aendelee kukaa, ili wasibaki wao kwa wao.

Ndambiri alisimama. Alikung'uta suruali, akapiga hatua chache kuelekea nyumbani, kisha akageuka.

— Kaberia, njoo kidogo.

Kaberia alimfuata mpaka uwanja ulio kando ya kibanda, mahali ambapo Igoki huanika magunia. Kutoka kwenye benchi hawakuweza kusikia kitu. Waliona tu mgongo wa Ndambiri umeinama, na mkono wake juu ya bega la Kaberia, na kichwa cha Kaberia kikishuka. Waliongea muda. Wakati mmoja Kaberia alitema majani yote ya muguka chini, akasukutua kwa maji ya jagi la Igoki, akafungua mdomo, na Ndambiri akachungulia ndani kama anavyochungulia meno ya mbuzi kabla ya kutaja umri wake. Halafu Ndambiri akaenda zake kwa njia ya nyuma.

Kaberia alirudi akaketi. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

— Amekwambia nini? Gachoki aliuliza.

— Amesema hata mimi nanuka. Kaberia aliongea akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Amesema alijua kitambo, akanyamaza kama vile nyinyi mlimnyamazia. Akaniomba msamaha. Yeye ndiye aliniomba mimi.

— Haki.

— Kesho kutwa akienda kuchukua majibu yake, tunaenda na yeye. Amesema atakaa na mimi ndani daktari akifanya kazi, kwa sababu mashine ile inatisha ukiwa peke yako. Akamgeukia Gachoki. Na wewe Redio ameuliza kama utakuja, juu ya ile damu unapumzisha.

— Nitakuja, Gachoki alisema.

Mbaka alingoja. Alimtazama Kaberia, akatazama ile njia ya nyuma ambayo sasa haikuwa na mtu, akamtazama Kaberia tena.

— Na mimi? aliuliza. Amesema nini juu yangu?

Kaberia alishusha mkono wake.

— Hakukutaja, Chairman.