Beseni la Salome

Kijiwe cha kahawa pale Kharumwa hakina hakimu, lakini kesi haziishi. Asubuhi ile Theonest, mchimba dhahabu, alijibanza pembeni ya benchi. Mkewe Salome alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mbili za kwanza zilifika miezi saba tu, na vichanga vyote viwili wakavizika. Alfajiri alimwambia mumewe kwamba anatokwa na uchafu wenye harufu ya samaki. Theonest akampa sabuni na malimau mawili: "Jisafishe mpaka ndani." Ndivyo wake za wachimbaji walivyofundishana, mume asirudi kutoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, akakunja pua. Sasa moyo ulimsuta, ila kwa aibu akasema ni habari ya rafiki.

— Jamaa yangu watoto wake wanazaliwa kabla ya siku, na sasa mkewe ana mimba tena. Kwa nini?

— Baruti, ng'wanawane, mwanangu! alidakia Karasha, mzee ambaye mdomo wake, kama mashine ya kusagia mawe, hauzimwi. — Mtoto akisikia mlipuko anatoka mbio. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Acha hizo! Ni dhahabu. Ina wivu, inamwita mtoto arudi chini.

Huyo alikuwa Waziri, ambaye hajawahi kuongoza hata mbuzi.

— Basi mama akalale Ibadakuli, uwanja wa ndege, Karasha akamjibu. — Huko angani dhahabu haifiki!

Benchi zima likacheka. Theonest naye alicheka, na hakuwahi kujiona mpweke kiasi kile.

Agnetha, mhudumu wa afya wa kitongoji, alikuwa amesimama akingoja kahawa yake.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama.

— Dhahabu mnaisingizia. Wanawake wa hapa wakitokwa na uchafu wenye harufu hujiosha mpaka ndani kwa sabuni na limau. Ukeni kuna vijidudu vyema, ndio walinzi. Sabuni na limau vinawaua, wabaya wanazaana, na maambukizi yanaweza kuleta uchungu mapema. Harufu hiyo haioshwi. Inapimwa zahanati, inatibiwa.

— Mambo ya wanawake hayo, Karasha alinung'unika.

— Si mmeyaongea tangu asubuhi? Haya, huyo mama sasa hivi yuko na nani?

Karasha akamtazama Waziri. Waziri akatazama kikombe. Theonest alimkumbuka Salome akielekea bafuni, beseni mkononi, bila kugeuka.

— Yuko peke yake, akasema. — Ni mke wangu.

Kahawa yake ilikuwa bado ya moto alipoondoka mbio kumchukua Salome waende zahanati.