Eddo Muslimo na Ndama Aliyekula Dawa ya Barwaqo

Tarehe thelathini Juni, Bi Muslimo Keinan anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutibu watu, mingi kati yake hapa kwenye zahanati yetu ya Bura. Sisi tunamwita Eddo, yaani shangazi. Wagonjwa wanamwita daktari wa mashilingi, kwa yale mabaka ya choa yaliyo mviringo kama sarafu, na jina hilo analipenda kuliko cheo chochote.

Alianzia Griftu, akapitia Liboi, akafika kwetu amepakata hadubini kama mtoto. Anakwangua magamba ya ngozi, anadondoshea dawa, anachungulia, na kuvu haina pa kujificha. Kinyozi wa sokoni akimwona anaficha mashine. Mimi mwenyewe, dereva wa pikipiki na mtu msafi kuliko wote hapa, nimekaguliwa kichwa mara nyingi. Hakupata kitu. Iandikwe hivyo.

Ila kazi yake tunayojivunia zaidi ni Barwaqo, binti wa mzee Alio. Choa kilimla kichwa, nywele zikanyonyoka mabaka mabaka, wenzake wakamcheka mpaka akaacha shule. Krimu za dukani zilituliza muwasho huku kuvu ikinenepa. Eddo akampa vidonge vya wiki nane, vya kumeza na maziwa ya ngamia. Wiki zikaisha, kichwa kikabaki kile kile.

Tukamfuata babake malishoni, mimi nikiendesha vizuri sana, Eddo nyuma akisoma dua kana kwamba naendesha vibaya. Alio akaeleza bila wasiwasi kwamba nusu ya vidonge alimpa ndama wa ngamia anayechungwa na Barwaqo. Ndama naye ana mabaka, akasema. Ugonjwa ni mmoja, mbona dawa iwe ya mmoja? Eddo alimfokea mpaka ngamia wakageuka kutazama. Kisha akamkwangua ndama.

Kuvu ilikuwa ile ile. Kumbe tulikuwa tukimtibu mtoto, na ndama anamwambukiza upya. Ndama akatengwa, ofisa wa mifugo akamtibu, nyumba nzima ikakaguliwa, na Barwaqo akaanza dozi upya, safari hii bila mshirika.

Nywele zimerudi. Sisi wanaume hatukuonyeshwa, ziko chini ya hijabu, lakini mamake analalamika kwamba kuzisuka kunamlia asubuhi nzima. Siku hizi mwenye choa akija Bura anaulizwa kwanza habari za mifugo. Zahanati nyingine zinatuiga. Waige tu.

Eddo, asante kwa kila ngozi uliyoihangaikia. Allah akujalie afya, mapumziko na wajukuu wenye vichwa vya kukagua. Barwaqo, ambaye alirudi shule na sasa yuko gredi ya saba, ameomba kukaa kando yako siku ya kukuaga. Tumemwekea kiti.